Mpima damu aliyepunguzisha sketi tatu kabla ya kusema ukweli

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Sahani amesimama dirishani na sahani mkononi.

Si sahani ya kulia. Ni kisahani cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye utando mwekundu uliotengenezwa kwa damu ya kondoo. Jana mchana alipaka hapo tone kutoka kwenye chupa ya damu ya mtoto mchanga. Leo vimeota vitone vyeupe, vidogo kama chumvi iliyomwagika mezani.

Anakiinamisha kuelekea kwenye mwanga. Anachukua kitanzi cha waya, anakwangua kitone kimoja taratibu, kisha anatazama pale palipobaki wazi. Anatazama kwa muda mrefu hadi mwenzake wa meza ya mkojo anashindwa kujizuia.

"Mama Sahani, ukikikodolea macho hivyo kitaona haya."

"Kione tu," anajibu bila kugeuka. "Bora kione haya chenyewe kuliko nione mimi."

Mwenzake anacheka. Yeye hacheki. Anaandika kwenye daftari, anafunika kisahani na kukirudisha kwenye kabati la joto. Saa nane atakitoa tena akitazame upya, ingawa utaratibu haumtaki kufanya hivyo. Anakwangua hivyo kila kisahani cha mtoto mchanga, mara mbili kwa siku, tangu mwezi wa tatu mwaka jana.

Ana umri wa miaka hamsini na minne. Ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia katika chumba hiki, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Kuna meza mbili, kabati la joto, hadubini moja ambayo kirungu chake cha kuzungushia kimefungwa plasta, na jokofu ambalo mlango wake haukai bila kamba. Kazi yake ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu za wagonjwa ili daktari ajue anapigana na nani na kwa dawa gani.

Kwa watoto wachanga kazi hiyo ni ya kukimbizana na roho. Mtu mzima akiingiwa na vijidudu kwenye damu hutetemeka, hulalamika, huomba maji. Mtoto wa siku tatu huacha tu kunyonya. Asubuhi analegea, jioni anapumua kwa shida, na kesho yake huenda asiwepo.

"Mtoto hana maneno," anasema Mama Sahani. "Maneno yake ni hiyo mililita moja ya damu wanayoniletea. Kama sijamsikia mimi, nani mwingine atamsikia?"

Kila wiki hupokea chupa kama thelathini kutoka wodi ya watoto wachanga. Kumi hivi hubadilika na kuonyesha kwamba kuna kitu kimeota. Katika hizo kumi, nne au tano ni uongo: ni vijidudu vya ngozi tu, visivyo na madhara, vilivyopitia kwenye sindano wakati damu inatolewa.

Si kwamba wauguzi ni wazembe. Mshipa wa mtoto mchanga ni mwembamba kama uzi, na muuguzi mmoja ana watoto kumi na saba. Pamba ya spiriti inapaswa kusugua ngozi ile na kuachwa ikauke, lakini wakati muuguzi anasubiri ikauke, mtoto wa kitanda cha pili ameanza kubadilika rangi. Anachoma, anavuta, anakimbia.

Kwa sababu uongo huo ulikuwa mwingi, mkuu wa maabara alichongesha mhuri wa mpira. Maneno yake matatu yanajulikana hospitali nzima: UCHAFU WA NGOZI. Badala ya kuandika mistari minne kwa mkono, mpimaji anagonga mara moja na kugeukia chupa inayofuata. Wapimaji waliufurahia. Mama Sahani anakiri kwamba aliufurahia kuliko wote, maana mkono wake wa kulia una maumivu ya viungo.

Haraka haraka haina baraka, lakini jaribu kumwambia hivyo mtu aliyesimama mbele ya chupa kumi na tatu.

Na chupa zilikuwa kumi na tatu Jumanne ile ya mwezi wa tatu. Mojawapo ilikuwa ya mtoto wa kike wa siku tatu, kitanda cha sita, uzao wa kwanza wa mshonaji nguo wa mtaa wa nyuma ya hospitali. Alikuwa amepata homa, hanyonyi.

Mama Sahani alipaka tone lake kwenye kisahani na jingine kwenye kioo, akalitia rangi, akalitazama kwa hadubini. Aliona vijiti vifupi vya zambarau, vimelaliana kama njiti za kiberiti zilizomwagwa. Vijidudu fulani vya ngozi vinafanana hivyo hivyo. Ameviona mara elfu. Akagonga mhuri.

"Ilichukua sekunde moja," anasema. "Nilishaihesabu. Kuinua, kugonga, kuweka chini."

Wodini, karatasi ile ilisomwa kama inavyosomwa siku zote, kwamba damu ya mtoto haina kitu. Wiki hiyo ampisilini, dawa ya zamani na rahisi, ilikuwa imekaribia kwisha. Vichupa nane vilivyobaki vilikuwa vimefungiwa kabatini, vikimngoja mtoto atakayethibitika kuvihitaji. Mtoto wa kitanda cha sita alikuwa amewekwa kwenye dawa mpya zaidi, ambayo watu huiita kali. Daktari hakuona sababu ya kuibadilisha.

Alhamisi alfajiri mtoto akafariki. Mama yake alikuwa bado hajampa jina la kudumu, akimwita tu Kadogo.

Hadithi ingeishia hapo, kama nyingi zinavyoishia. Ijumaa ni siku ya kuteketeza. Visahani vyote vya wiki hutiwa kwenye ndoo, ndoo huingizwa kwenye jiko la mvuke, na kinachotoka humo hakisemi tena. Mama Sahani alikuwa ameshika visahani vitano kwa mkono mmoja. Cha juu kilikuwa na namba ya kitanda cha sita.

Hajui kwa nini alikiinua. Anasema labda ni mazoea ya dirisha. Alivitazama vitone vile vyeupe kwenye mwanga, akachukua kitanzi, akakwangua kimoja. Chini yake utando mwekundu ulikuwa umeliwa. Palikuwa peupe kidogo tu, pasipozidi upana wa kitone chenyewe, ndiyo maana hapaonekani mpaka ukwangue. Vijidudu vile vya ngozi havifanyi hivyo.

"Nilikuwa na ndoo mguuni," anasema. "Ningefungua vidole tu. Hakuna binadamu ambaye angejua mpaka leo."

Hakufungua. Alichovya kitone kwenye maji, akaweka chini ya hadubini, akawaona wadudu wakibingirika. Hawakuogelea, hawakutulia, walibingirika kama watoto wanaoteremka mteremko. Mbingiriko huo alifundishwa chuoni na hakuwahi kuuona kwa macho yake katika miaka ishirini na mitano. Mdudu huyo anaitwa listeria. Ni wa nadra. Huingia kwa chakula kisichoiva au maziwa yasiyochemshwa, mama mjamzito asijue hata kama ameumwa, kisha humfuata mtoto tumboni.

Ile dawa inayoitwa kali haimgusi listeria. Inayomuua ni ampisilini, ile ya zamani, ile iliyokuwa imefungiwa kabatini.

Aliandika majibu mapya kwa mkono, akayapeleka mwenyewe kwa daktari wa watoto. Daktari aliyasoma akiwa amesimama, akakaa, akayasoma tena. "Nami ningeweza kuja kukuuliza," alimwambia. "Sikuja." Ndiye mtu pekee katika hospitali ile aliyetamka neno kama hilo.

Mkuu wa maabara alikuwa na neno la aina nyingine. "Umeandika ya nini? Mtoto ameshazikwa, sasa unataka utuzike na sisi?"

Majibu yakaingizwa kwenye faili, faili likaingizwa ofisini kwa mkurugenzi wa hospitali. Mama Sahani akapewa barua ya onyo, si kwa kukosea bali kwa "kusambaza taarifa nje ya utaratibu". Barua hiyo ilimkataza kuzungumza na ndugu wa marehemu. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite, na hospitali hii inavyofunika, utadhani ndiyo kazi iliyoandikiwa kibali.

Mumewe, seremala ambaye karakana yake iko mbele ya nyumba yao, anasema mwaka ule mkewe alikuwa akila kama mtu anayemeza misumari. "Nikimwambia mama, sahau, ananijibu, sawa. Halafu namkuta jikoni amesimama na sahani ya wali, anaiangalia chini yake."

Angeendelea kumeza misumari yake kimya kimya kama si muuguzi mmoja wa wodi ya watoto, anayeishi mtaa mmoja na yule mshonaji. Miezi mitatu iliyopita alikuja maabara kuleta chupa, akakaa kidogo, akatoa habari za mtaani.

Mshonaji ana mimba tena. Lakini mama mkwe wake ameshapitisha hukumu: mtoto wa kwanza aliuawa na maziwa ya mama yake. Alinyonya siku mbili, ya tatu akaumwa, ushahidi gani mwingine unatakiwa? Kwa hiyo huyu anayekuja hatanyonyeshwa. Akizaliwa tu atachukuliwa, atapelekwa kwa shangazi yake, alelewe kwa maziwa ya kopo. Baba wa mtoto, dereva wa malori, yuko safarini wiki tatu kati ya nne, na neno la mama yake ndilo neno lake.

"Yeye mwenyewe ameshakubali," muuguzi alisema. "Anasema labda ni kweli ana sumu."

Mama Sahani aliweka chini alichokuwa ameshika. Anasema ndipo alipoelewa kwamba lile kosa lake halikuishia kaburini, bali lilikuwa bado linatembea, na sasa linamfuata mtoto wa pili.

Akapiga moyo konde, akaenda. Chumba cha mshonaji ni kidogo, kina cherehani ya miguu, kioo kirefu chenye ufa, na vitambaa vimejaa hadi kwenye kizingiti. Alipiga hodi, akakaribishwa, akakalishwa. Mshonaji akamuuliza, "Nikusaidie nini, mama?"

Mama Sahani akafungua mkoba wake. "Nimeleta sketi," akasema. "Naomba unipunguzie kidogo."

Wiki iliyofuata alirudi kuichukua, akiwa na sketi ya pili. Wiki ya tatu alichukua ya pili akaacha ya tatu. Kila mara alijiambia leo ndiyo leo, na kila mara akajikuta anasema habari za pindo. Mumewe alianza kushangaa. "Nilimwuliza, mama, mbona sketi zako zinapanda kila Jumamosi, kuna nini huko kazini?"

Safari ya nne hakuwa na sketi nyingine ya kupunguza. Mshonaji alikuwa akishona, tumbo limemzuia kusogea karibu na cherehani. Mama Sahani akasema yote akiwa amesimama, kuanzia chupa kumi na tatu hadi ndoo ya Ijumaa.

Mshonaji hakupiga kelele. Alimalizia mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno. "Nilifikiri atalia, au atanipiga," anasema Mama Sahani. "Nilikuwa tayari kupigwa. Aliniuliza tu, dawa ilikuwepo? Nikamwambia ilikuwepo. Akauliza, angepona? Nikamwambia wengi hupona wakiwahiwa, siwezi kuapa."

Kisha mshonaji akasema, "Basi njoo umwambie mama mkwe."

Mama mkwe alipopelekewa salamu hizo alijibu kwamba maneno hayana mguu. Kama kweli hospitali imekosea, ilete karatasi.

Mshonaji akaenda kuomba karatasi. Siku ya kwanza karani wa masjala alimwambia faili halionekani. Siku ya pili lilionekana, lakini liko kwa mkurugenzi. Siku ya tatu mkurugenzi alikuwa kwenye kikao. Mwandishi wa makala haya alipomfikia, mkurugenzi huyo alisema taarifa za mgonjwa ni siri. Alipoulizwa ni siri dhidi ya nani, ikiwa anayeziomba ni mama mzazi, alitazama saa yake.

Ikabaki karatasi moja tu iliyoweza kupatikana, nayo ilikuwa bado haijaandikwa. Mama Sahani aliiandika Ijumaa ya wiki iliyopita, mezani kwake, wakati wa mapumziko ya mchana. Aliandika jina lake kamili, cheo chake na namba yake ya kazi. Aliandika kwamba damu ya mtoto ilikuwa na listeria, kwamba ugonjwa ule ulimfuata mtoto tumboni wala haukutoka kwenye maziwa ya mama, na kwamba yeye ndiye aliyeusoma kama uchafu. Nakala moja akaipeleka ofisini kwa mkurugenzi, akasubiri isainiwe kwamba imepokelewa.

"Sikutaka waseme nimefanya kwa kificho," anasema. "Kificho tumekifanya cha kutosha."

Saa moja baadaye aliletewa wito wa kamati ya nidhamu. Amebakiza miaka sita kustaafu.

Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa sebuleni kwa mama mkwe. Mwandishi aliruhusiwa kukaa karibu na mlango. Mama mkwe ni mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, mwenye sauti ya mtu ambaye hakuzoea kurudia jambo. Mshonaji alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya tumbo. Mama Sahani akasoma karatasi yake kwa sauti, hadi mwisho, bila kuruka.

 Kisha mama mkwe akasema, "Umesema huyo mdudu alitoka tumboni mwa mama."

"Ndiyo, dada."

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Ni yeye."

Mshonaji aliinamisha kichwa. Mama Sahani alikunja karatasi.

"Dada, mdudu huyu huingia kwa chakula. Mwaka jana mkweo alikuwa anakula wapi?"

"Hapa. Alikuwa anakula hapa hapa, kwangu."

"Nani alikuwa anapika?"

Mama mkwe alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekunjamana. 

"Sisemi ni wewe," Mama Sahani akaendelea, sauti yake sasa imeshuka. "Ingeweza kuwa hapa, ingeweza kuwa kwangu, ingeweza kuwa glasi moja ya maziwa popote. Hakuna aliyekosea kwenye kula. Kosa lilifanyika kwenye kupima, na aliyepima ni mimi. Kama unataka mtu wa kumlaumu, nimekuletea. Huyu mwache amnyonyeshe mtoto wake."

 Nje mtu alikuwa anakung'uta vumbi la zulia.

"Atanyonyesha," mama mkwe akasema hatimaye, akimtazama mkwewe kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Kisha akamgeukia mgeni. "Nawe umeshasema. Nenda."

Mshonaji alimsindikiza hadi getini. Ni lazima isemwe wazi kwamba Mama Sahani alikuwa anatumaini kitu hapo getini. Alikuwa ametembea na aibu mwaka mzima na zaidi, na mtu akitua mzigo hutazamia kuambiwa pole. Alisimama, akasubiri.

"Umenirudishia maziwa yangu, mama," mshonaji akamwambia. "Mwanangu hukunirudishia. Usiniombe leo nikusamehe."

"Sikuombi."

"Lakini nataka nikuulize. Huyu akiumwa, hospitali ni ile ile moja. Wewe utakuwepo?"

 Kamati inakaa Jumatatu. Wajumbe ni watano, na mkuu wa maabara ni mmoja wao. Aliyetajwa kushika meza ya Mama Sahani akiondoka ni kijana mzuri, mwepesi, anayemaliza chupa zote kabla ya saa tano asubuhi.

Jumapili jioni, barazani kwake, mumewe alikuwa akimshauri namna ya kujitetea. Wenzake wametumia mhuri ule ule, alimwambia, na aliyeuchongesha atakuwa amekaa pale mezani kama hakimu. Ataje uchache wa watu, ataje hadubini mbovu, ataje wauguzi. Yote ni kweli, seremala alisema, na mtu hafungwi kwa kusema kweli.

Mama Sahani alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa na kalenda ya ukutani mapajani na penseli, akihesabu. Mtoto wa mshonaji anatarajiwa baada ya wiki sita. Siku za hatari zaidi kwa mtoto mchanga ni ishirini na nane za mwanzo, yaani wiki nne nyingine.

"Sitajitetea," alisema. "Watakaponiuliza kama nina neno, nitawaambia ninalo moja. Nitawaomba wanifukuze baada ya wiki kumi."